Baraza la Kina Mama Chini ya Mlima Hanang

Msafiri anayetoka Babati mjini kwa barabara ya Singida huuona mlima Hanang mapema, kabla hajafika Katesh. Kwa kimo chake cha zaidi ya mita 3,400 umesimama peke yake juu ya tambarare, na Wadatoga waliofuga ng'ombe vizazi na vizazi kuuzunguka huuhesabu kuwa mlima wao. Babati nayo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Hanang hadi mwaka 1985 ilipopewa wilaya yake, na tangu 2002 ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Siku za mnada mjini huwakuta Wairaqw, Wagorowa, Warangi, Wambugwe na Wadatoga wakipatana bei. Kila kabila lina namna yake ya kumheshimu bibi wa ukoo. Ya Wadatoga, hasa tawi lao la Wabarabaig, ina baraza kamili: girgwageda gademga, mkutano wa wanawake.

Wabarabaig walikuwa na mabaraza kadhaa. Lilikuwepo la kabila zima, la ukoo na la majirani, na katika hayo wanaume ndio waliosema. Hili la kina mama liliitishwa pale mwanamume alipomdhulumu mwanamke, zaidi sana kama kosa lenyewe liligusa uzazi. Mwanamke aliyejifungua ana kipindi chake cha kutengwa na mwiko wake, na mume aliyeuvunja hakuwa amemkosea mkewe peke yake. Aliwakosea wanawake wote. Wakakusanyika chini ya kivuli, nje ya boma, mama mtu mzima mwenye kuijua mila akiongoza mazungumzo, huku wanaume wakisikiliza kwa mbali. Aliyeonekana na hatia alitozwa ng'ombe. Aliyekaidi aliapizwa, na hapakuwa na mwanamume wa kuipuuza laana ya wanawake waliozaa.

Haya yaliandikwa na George Klima, mwanaanthropolojia kutoka Marekani aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1950. Mwaka 1964 alichapisha makala kuhusu haki kati ya wanaume na wanawake wao, na mwaka 1970 kikatoka kitabu chake juu ya kabila hilo. Maandishi mengi ya wakati ule yalimchora mwanamke wa jamii za wafugaji kama mtu asiye na kauli. Klima alikuta wanawake wenye mahakama, na hukumu yao ikitekelezwa bila askari hata mmoja.

Nguvu hiyo ilikuwa na mizizi. Binti wa Kibarabaig hakwenda kwa mume mikono mitupu, kwani alipewa ng'ombe kwao, na mumewe hakuweza kuwatoa bila ridhaa yake. Wanawe wa kiume walitarajia kuanza mifugo yao kutokana na ng'ombe hao. Mama aliyezeeka akiwa na wana, wajukuu na mifugo iliyopitia mikononi mwake alikuwa nguzo ya boma lile, na hata mkwe mwenye makelele alishusha sauti mbele yake. Alikuwa pia na vazi lake la ngozi, hanang'wenda, lenye marinda membamba na shanga. Ni vazi la mwanamke aliyeolewa, lenye heshima ya kidini kwa kuwa linahusishwa na uzazi.

Kwa wazee wachache, heshima hiyo iliendelea baada ya kifo. Wengi wa waliofikia daraja hilo walikuwa wanaume, lakini wanawake wazee waliobarikiwa kwa uzao nao walikuwemo. Mazishi yao huitwa bung'ed. Kaburi hujengwa kwa udongo, miti na samadi, likipandishwa hatua kwa hatua mpaka limpite mtu kwa urefu, na shughuli nzima yaweza kuchukua miezi tisa. Koo jirani huja na miti ya kujengea, pombe ya asali na nyimbo za maombi. Wana na wajukuu huendelea kurudi pale kuomba mvua, watoto na afya ya mifugo. Kwa Mbarabaig, mahali hapo ni hati ya familia kuliko karatasi yoyote.

Ndiyo maana yaliyotokea tambarare za Basotu yaliumiza kiasi kile. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Yalichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo wafugaji. Nchi ilihitaji mkate, na ngano ilipatikana kweli. Lakini maboma yalivunjwa, njia za kwenda majini na kwenye chumvi zikafungwa, na matrekta yakalima juu ya bung'ed. Familia zilizokuwa zikimwendea bibi au babu yao kuomba zilikuta matuta ya ngano.

Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi katika Mahakama Kuu, Arusha. Walishinda, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi ule kwa kuona kwamba haki yao ya kimila juu ya ardhi haikuthibitishwa ipasavyo. Kufikia mwaka 1990 malalamiko yalikuwa yamevuka bahari: Wabarabaig waliwaandikia watu wa Kanada barua ya wazi, na makaburi yakiwa miongoni mwa madai yao. Baadaye mashamba yalibinafsishwa, mengine yakarudi kwa wananchi. Matuta mengi ya mazishi yalikuwa yameshasawazishwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuja na jambo ambalo kina mama wa Hanang wangelitambua. Inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Ni hatua njema. Hata hivyo, inawapa viti vitatu watu ambao bibi zao walikuwa na baraza zima, na kazi ya siku hizi ingekuwa kuhakikisha wajumbe hao watatu wanasema kwa uzito ule ule.

Sheria hiyo hiyo inakipa kijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Kila mpango unaochorwa leo Hanang na Babati unaweza kuonyesha bung'ed zilizobaki kama unavyoonyesha visima, shule na mapito ya mifugo, na watu wa kuwaonyesha wapima mahali zilipo bado wapo: ni wanawake wazee walioketi kwenye girgwageda wakiwa wasichana walioolewa karibuni, nyuma ya mama zao.