Fitina ya Messina: Tamthilia ya Much Ado About Nothing na Historia Yake

Much Ado About Nothing ni komedia ya William Shakespeare iliyoandikwa mnamo 1598 au 1599 na kuchapwa London mwaka 1600. Kisa kinatokea Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicilia, ambako Don Pedro wa Aragon na askari wake wanafikia nyumbani kwa gavana Leonato baada ya vita. Ndani ya nyumba hiyo hila mbili zinapangwa. Beatrice na Benedick, ambao hawakutani bila kurushiana maneno makali na ambao wameapa kutofunga ndoa, wanategewa na rafiki zao: kila mmoja anaachwa adukize mazungumzo ya uongo kwamba mwenzake amezidiwa na mapenzi, na wote wawili wananasa. Claudio, kijana wa ukoo bora aliyemposa Hero binti Leonato, anapelekwa usiku kutazama dirisha ambapo mwanamke anazungumza na mwanamume. Anaamini kuwa ni Hero, kumbe ni mtumishi wake Margaret. Hila ya kwanza inaleta ndoa, ya pili nusura iue. Katika miaka mia nne ya kuigizwa kwake, watazamaji wameipenda ile ya kwanza na mara nyingi wameikwepa ya pili, ingawa ya pili ndiyo iliyobeba uzito wa kazi nzima.

Habari ya bibi harusi aliyesingiziwa ilikuwa ya zamani. Mwitaliano Matteo Bandello alichapisha mwaka 1554 hadithi ya Timbreo na Fenicia, inayotokea Messina hiyo hiyo. Humo mchumba anadanganywa na rafiki anayempenda binti huyo kwa siri, kisha anatuma mjumbe kwa wazazi wake kuvunja posa. Ludovico Ariosto naye alikuwa amesimulia udanganyifu wa namna hiyo katika utenzi wake Orlando Furioso wa mwaka 1516, ambao John Harington aliutafsiri kwa Kiingereza mwaka 1591. Shakespeare alibadilisha mambo mawili makubwa. Alimwondoa mshindani wa mapenzi na kumweka Don John, ndugu wa nje ya ndoa wa Don Pedro, ambaye hamtaki Hero wala hapati faida yoyote. Ana kinyongo tu. Alimwondoa pia mjumbe. Claudio wake anangoja siku ya harusi ifike ili amkatae Hero kanisani, mbele ya baba yake na wageni. Beatrice na Benedick hawamo katika hadithi ya Bandello; hao ni mchango wa Shakespeare mwenyewe.

Mtazamaji wa London aliijua aibu ya namna hiyo kutoka mtaani kwake. Heshima ya mwanamume ilipimwa kwa mambo mengi: ukweli wa neno lake, ushujaa wake, uaminifu wake katika kulipa madeni. Ya mwanamke ilifungwa kwenye jambo moja, usafi wa mwili wake. Mashtaka ya kashfa za uzinzi yalisikilizwa na mahakama za Kanisa, na mwanzoni mwa karne ya 17 wanawake ndio waliokuwa wengi kati ya walalamikaji wa kesi hizo London. Mwanamke aliyeitwa malaya mbele ya majirani alikwenda kushtaki, maana akinyamaza ataonekana amekubali, na aliyemtukana akishindwa aliamriwa kuomba radhi hadharani. Hero hana mlango wa kwenda kubisha. Wanaomtuhumu ni Don Pedro, mtawala, na Claudio, kijana mwenye cheo, na ushahidi wao ni macho yao wenyewe.

Ibada yenyewe ndiyo inayogeuzwa kuwa silaha. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1559 kilimtaka kasisi awaulize maharusi kama kuna kizuizi wanachokijua, na kila mtazamaji alikuwa amelisikia swali hilo katika harusi za parokia yake. Jukwaani mtawa Francis analiuliza, na Claudio analigeuza papo hapo kumwelekea Hero, kisha anamrudisha kwa baba yake kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu. Hero anazimia. Leonato hahoji sana: wakubwa wawili wameshasema, basi anaona heri binti yake asiinuke tena pale alipoanguka. Anayeukataa uzushi mara moja ni Beatrice, aliyelala chumba kimoja na Hero mwaka mzima, isipokuwa usiku ule mmoja tu. Mtawa naye amekuwa akiutazama uso wa msichana wakati akituhumiwa, na kwa alichokiona anaamua kuwa hana hatia. Anashauri watangaze kwamba Hero amekufa, ili lawama igeuke majuto. Kwa hiyo hata wema katika tamthilia hii unatafuta njia kupitia uongo.

Watu wakishatoka, Beatrice na Benedick wanabaki peke yao na kukiri kwamba wanapendana. Benedick anamwambia amwagize jambo lolote atakalo; Beatrice anamwagiza amuue Claudio. Benedick anakataa kwanza, kwa kuwa Claudio ni rafiki yake wa vitani. Hapo ndipo mapenzi yao yanapoacha kuwa mchezo wa maneno. Msomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969, anakumbuka jinsi komedia ya enzi zile ilivyoweza kuwafikisha watu kwenye ncha ya kisu kabla ya kuwafikisha kwenye ndoa. Benedick anachagua neno la Beatrice dhidi ya neno la wanaume wenzake, na anakwenda kumtaka Claudio wapigane.

Ukweli, kwa kweli, ulikuwa umeshapatikana kabla ya harusi. Askari wa zamu ya usiku walimsikia Borachio, kibaraka wa Don John, akijigamba, wakamkamata. Hao ni watu wa aina iliyojulikana sana London: raia wa kawaida waliopewa zamu ya kulinda mtaa, kama sungusungu, chini ya konstebo aliyechaguliwa na parokia. Konstebo Dogberry anakwenda kwa Leonato asubuhi ile ile kutoa taarifa, lakini anapotea katika maneno makubwa asiyoyamudu, na gavana mwenye haraka ya harusi hana subira ya kumsikiliza. Watu wa chini wana habari, wakubwa wana uzushi, na wakubwa ndio wanaosadikiwa. Toleo la mwaka 1600 limehifadhi hata majina ya waigizaji: katika sehemu ya kuhojiwa kwa watuhumiwa, maneno ya Dogberry yameandikiwa jina la Will Kemp, mchekeshaji mashuhuri wa kundi la Shakespeare, na ya mwenzake Verges jina la Richard Cowley. Toleo hilo linamtaja pia Innogen, mke wa Leonato, akiingia jukwaani bila kusema neno lolote. Yaelekea mwandishi alianza na mama kisha akamwacha, na hivyo Hero anakataliwa kanisani bila mama kando yake.

Watazamaji walichagua upande mapema. Malipo ya maonyesho ya ikulu katika msimu wa ndoa ya Binti Mfalme Elizabeth, mwaka 1613, yanataja tamthilia iliyoitwa kwa majina ya Benedick na Beatrice, na Mfalme Charles I aliandika majina hayo hayo kando ya jina la tamthilia katika nakala yake. William Davenant aliwachukua wapenzi hao wawili mwaka 1662 na kuwatia katika tamthilia nyingine, bila Hero. David Garrick alimwigiza Benedick tangu 1748 hadi alipostaafu mwaka 1776. Hector Berlioz, katika opera yake ya mwaka 1862, aliifuta kabisa fitina ya Don John. Ellen Terry, aliyekuwa Beatrice katika onyesho la Henry Irving mwaka 1882, alisimulia baadaye jinsi alivyolazimishwa kufunga tukio la kanisani kwa vijineno vya kuchekesha ambavyo Shakespeare hakuviandika. Alipinga, kisha akakubali, akalia.

Karne ya 20 na ya 21 zilirudisha uzito uliokuwa umefutwa. John Barton, Stratford mwaka 1976, aliwaweka wahusika katika kambi ya jeshi la Uingereza nchini India, mahali ambapo ni rahisi kuelewa kwa nini askari anamwamini askari mwenzake kuliko mchumba wake. Kenneth Branagh, katika filamu yake ya mwaka 1993, alilionyesha tukio la dirishani ambalo katika tamthilia linasimuliwa tu, ili mtazamaji aone alichokiona Claudio. Mwaka 2012 Iqbal Khan aliihamishia Delhi ya leo, na Meera Syal akawa Beatrice.

Tatizo ambalo kila mwongozaji analikuta mwishoni ni Claudio. Matini inampa tukio fupi la maombolezo kaburini, kisha anakubali kuoa msichana asiyemwona uso, anayeambiwa ni mpwa wa Leonato. Msichana anafunua shela, naye ni Hero. Anatamka maneno machache tu: kwamba Hero mmoja alikufa katika aibu, na yeye yu hai na hana doa. Shakespeare hakumwandikia Claudio ombi la radhi kwa Hero. Wako waongozaji wanaomfanya apige magoti mbele yake, na wako wanaomwacha Hero asite kabla ya kuutoa mkono wake.