Ishara za Mchezoni: Kuzisoma na Kuziiba



Wahenga wamesema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Kwa maneno hayo wametupa ruhusa ya kutumia akili: asemaye kwa fumbo mbele ya watu asinung'unike akieleweka. Lakini wahenga hawakutuambia kama mwerevu huyo ana haki ya kwenda usiku kutega sikio dirishani mwa mwenziwe, ili fumbo litakaposemwa kesho barazani awe amekwisha kulijua. Hilo ndilo swali tunalotaka kulipima leo. Tutalipima kwa historia ya mchezo mmoja wa mbali, maana huko limeulizwa kwa muda upitao miaka 100, nalo limegharimu fedha nyingi na sifa za watu wakubwa.

Mchezo wenyewe ni mpira wa miguu wa Marekani. Huo si huu tuuchezao sisi. Mpira wao una umbo la yai lililochongoka ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu. Watu 11 hushindana na watu 11, na kila upande hujaribu kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wenziwe. Vyuo viwili, Rutgers na Princeton, vilishindana tarehe 6 Novemba 1869, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo huo katika vyuo vya Marekani. Ijapokuwa siku ile walicheza kwa namna iliyokaribia zaidi mpira wetu kuliko ule wao wa sasa.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1880. Mtu mmoja wa chuo cha Yale, jina lake Walter Camp, alileta shauri la kanuni mpya, nalo likakubaliwa. Kabla ya hapo, mpira ulipokwama, pande zote mbili ziliugombania kwa kusukumana. Kwa kanuni mpya, upande mmoja uliachiwa mpira uuanzishe tena kwa utulivu, na upande wa pili ungojee. Mwaka 1882 ikaongezwa kanuni nyingine: wenye mpira wasipokwenda mbele yadi 5 katika majaribio matatu, waupoteze. Hesabu hizo zimebadilika baadaye, lakini asili yake imebaki.

Tazameni basi jinsi jambo moja lilivyozaa jingine. Katika mpira wetu mchezo haukomi, na mashauri hufanywa mtu akiwa mbioni. Katika mpira wao mchezo husimama, huanza, husimama tena. Na kila uanzapo, wachezaji 11 wamekwisha kukubaliana nani atakimbia wapi na nani atamkinga nani. Lazima basi shauri hilo liwafikie watu 11 wote, lisiwafikie wale 11 wengine waliosimama hatua chache mbele yao. Hapo ndipo ishara zilipozaliwa. Hapo kwanza zilikuwa maneno yaliyosemwa kwa sauti, yenye maana iliyofichwa. Baadaye zikawa hesabu. Na ishara zilipozaliwa, wakazaliwa siku ile ile wa kuzisikiliza.

Katika mji wa Washington kiko chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi, ambacho Rais Abraham Lincoln alikitilia sahihi ruhusa ya kutoa shahada mwaka 1864. Vijana wa chuo hicho walicheza mpira huo, na ishara zao zilikuwa ishara za mikono, maana ndiyo lugha yao. Waliposhindana na watu wenye kusikia hawakuwa na hofu, kwa kuwa wale waliona vidole vikienda wasijue vinasema nini. Lakini waliposhindana na viziwi wenzao, kila shauri lilikuwa kama limetangazwa sokoni. Katika miaka ya 1890 kijana mmoja wa chuo hicho, Paul Hubbard, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza uanzishaji wa mchezo, aliwakusanya wenziwe katika duara, migongo nje na nyuso ndani, akazungumza nao kwa mikono pasipo kuonwa. Wengi katika wanaosimulia historia ya mchezo huo humtaja yeye kuwa mwanzilishi wa duara hilo, ambalo leo huonekana katika kila uwanja wa Marekani.

Twaomba mlikumbuke duara hilo, maana tutalirudia. Hubbard hakwenda kushitaki. Hakusema, "Wenzetu wasitutazame." Alijua kwamba aliye na macho hawezi kuamriwa asione, kwa hiyo akaificha siri yake mwenyewe.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, jambo lililohesabiwa kuwa udanganyifu halikuwa kuiba ishara. Lilikuwa ni mwalimu wa timu kutoa ishara! Kanuni za vyuo zilimkataza kuwaelekeza wachezaji kutoka pembeni mchezo ukiendelea. Iliaminika kwamba mchezo ni wa vijana: mwalimu amekwisha kuwafundisha wiki nzima, sasa na anyamaze awaone wanavyotumia akili zao. Katika chama cha timu za kulipwa ruhusa ya kuelekeza kutoka pembeni ilitolewa mwaka 1944, na vyuo vikafuata baadaye. Tangu hapo mashauri yakaanza kusafiri kutoka kwa mwalimu hata katikati ya uwanja, na kila kitu kisafiricho njia ndefu huweza kutekwa njiani.

Mwaka 1956 Paul Brown, mwalimu wa timu ya Cleveland, alijaribu kuikata njia hiyo. Alitia chombo kidogo cha redio ndani ya kofia ngumu ya mchezaji wake George Ratterman, akazungumza naye kwa upepo. Mkuu wa chama cha timu za kulipwa alikikataza chombo hicho mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Ikapita miaka 38. Mwaka 1994 chama hicho kikaruhusu redio katika kofia ya mwongoza mchezo wa kila timu, na mwaka 2008 katika kofia ya mmoja wa wale wanaokinga.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipotokea kesi iliyovuma kuliko zote za zamani. Mnamo Septemba 2006 timu zote za kulipwa zilikumbushwa kwa barua kwamba ni marufuku kupiga picha za senema za ishara za timu nyingine kutoka pembeni mwa uwanja. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Septemba 2007, mtu wa timu ya New England alikamatwa akiwapiga picha walimu wa timu ya New York Jets walipokuwa wakitoa ishara. Mwalimu mkuu, Bill Belichick, alitozwa dola 500,000, timu yake dola 250,000, na tena ikanyang'anywa haki ya kuchagua mchezaji katika zamu ya kwanza mwaka uliofuata. Angalieni vema: hakuadhibiwa kwa kuzijua ishara za wenziwe. Aliadhibiwa kwa chombo alichokitumia na mahali alipokitumia.

Kesi ya pili ni ya chuo kikuu cha Michigan. Vyuo vilikuwa havijaruhusu redio za kofia. Ishara zilitolewa kwa mikono na kwa mbao zenye picha, na pengine watu watatu walipunga mikono kwa pamoja, mmoja wao akisema kweli na wawili wakidanganya. Kanuni za vyuo hazikukataza kuzifumbua ishara hizo siku ya mchezo, wala kuzitafuta katika picha zilizoonyeshwa kwa watu wote. Lakini tangu mwaka 1994 ilikatazwa kumtuma mtu kwenda kuutazama mchezo wa chuo kingine mtakachoshindana nacho mwaka huo. Sababu yake ilikuwa nzuri: vyuo maskini visingeweza kulipa nauli za wapelelezi, na vyuo tajiri vingeweza.

Mwezi wa Oktoba 2023 ikajulikana kwamba mtumishi mmoja wa timu ya Michigan alikuwa amewanunulia watu tikiti za michezo ya wengine, wakakaa miongoni mwa watazamaji na kupiga picha za ishara kwa simu zao. Uchunguzi ulionyesha kwamba jambo hilo lilifanyika mara zaidi ya 50 katika miaka mitatu. Mwalimu mkuu, Jim Harbaugh, alisema hakujua. Hata hivyo alizuiwa asihudhurie michezo mitatu ya Novemba. Timu ilishinda michezo yake yote 15, ikatwaa ubingwa tarehe 8 Januari 2024. Mwezi wa Agosti 2025 chama cha michezo ya vyuo kilitoa hukumu ya faini ya mamilioni ya dola, lakini ushindi hakikuufuta. Na mwaka 2024 vyuo vikubwa viliruhusiwa redio za kofia: ndilo duara la Hubbard limerudi, limevaa nguo mpya.

Wala mpira wetu haujasalimika. Mwezi wa Januari 2019 huko Uingereza mtu wa timu ya Leeds alikutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby akichungulia. Mwalimu wake, Marcelo Bielsa, alikiri mara moja, akasema hakuvunja kanuni iliyoandikwa. Timu ilitozwa paundi 200,000, naye akazilipa mwenyewe; kisha ikaandikwa kanuni kwamba mtu asiyatazame mazoezi ya timu nyingine katika saa 72 za kabla ya kushindana nayo.

Basi tuseme nini? Wako wasemao, "Ruhusuni yote. Ishara zinatolewa mbele ya umati wa watu. Kitu kilichowekwa njiani hakiibwi, huokotwa." Maneno haya yana nguvu, lakini yanasahau nauli. Penye ruhusa ya yote, si mwerevu atakayeshinda, bali mwenye fedha za kutuma watu 50 wenye vyombo 50. Na wako wasemao, "Katazeni yote." Nao twawauliza: mwamuzi atayafumbaje macho ya mchezaji? Mlinzi akigundua kwamba kila mara mwenziwe aguswapo bega mpira huja kushoto, je, asiende kushoto? Kanuni isiyoweza kulindwa huwafundisha vijana kuzidharau kanuni zote.

Sisi tulio walimu tumelionja jambo hili wenyewe. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya kushindana na chuo jirani, mwanafunzi wetu alituletea daftari. Alikuwa amejificha nyuma ya ua wa minyaa akiwatazama wenzetu wakifanya mazoezi, akaandika yote: nahodha wao akishika sikio, mpira wa kona utakuja karibu, akiinua mkono, utakwenda mbali. Tungeweza kumrudishia daftari lile bila kulifungua. Tulilisoma. Tukashinda mabao mawili kwa moja, na wavulana wakaimba njia nzima. Mchezo ulipokwisha, mwalimu wa wenzetu alitushika mkono akasema, "Wavulana wenu wana macho makali." Tukajibu, "Ahsante." Hatukuweza kusema neno jingine, nalo hilo moja limetukaa kooni miaka mingi.

Hapo ndipo tulipojifunza kipimo ambacho twakitoa leo kwenu. Mchezo ukiisha, je, waweza kumwambia uliyemshinda jinsi ulivyoijua siri yake? Kama uliisoma uwanjani kwa macho yako, mbele yake, utamwambia kwa furaha, naye atacheka na kubadili ishara zake. Hiyo ni akili, nayo na iruhusiwe. Lakini kama uliipata nyuma ya ua, au kwa mtu uliyemlipa, au kwa chombo ulichokificha, utanyamaza kama tulivyonyamaza sisi. Kunyamaza huko ndiko ushahidi. Hilo ni wizi, na likatazwe.

Mtu aweza kuuliza, "Mbona Bielsa alisema wazi?" Ni kweli, naye twamheshimu kwa hilo, lakini alisema baada ya mtu wake kukamatwa. Kipimo chetu kinamtaka mtu aweze kusema hata kama hakukamatwa.

Sasa twalirudia duara la viziwi. Historia hii yaonyesha kwamba faini hazikuukomesha wizi wa ishara: faini ya mwaka 2007 haikuizuia kesi ya mwaka 2023. Kilichosaidia zaidi ni kuficha siri vizuri. Lakini redio za kofia ni ghali, na shule zetu hazina kofia wala redio. Duara halina bei. Wakusanyeni wachezaji wenu, nyuso ndani na migongo nje. Badilini ishara kila mchezo. Na daftari la nyuma ya ua mkililetewa, lirudisheni halijafunguliwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na heri iwe hivyo.

Lakini asiyesadiki na alikumbuke neno jingine la wahenga: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Ua wa minyaa una pande mbili, na hatujui ni nani aliyekuwa amejificha upande wetu siku ile.

Kwaherini.