Modemu Ilivyovuka Mkondo wa Wasini

Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alifika Fort Jesus, Mombasa, kupokea kebo ya intaneti ya TEAMS iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, takriban kilomita 5,000. Mwezi uliofuata kebo ya SEACOM nayo ikaanza kazi. Magazeti yalishangilia, na yalikuwa na haki. Ila historia ya intaneti ya Kenya ina mazoea ya kuishia hapo ufukweni Mombasa, kana kwamba watu wote wanaishi kando ya Fort Jesus. Kwa mkazi wa kisiwa cha Wasini, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: bado kulikuwa na kivuko cha Likoni, barabara ya kusini kupita Ukunda na Msambweni mpaka gati la Shimoni, halafu mkondo unaotenganisha kisiwa na bara.

Kebo si kitu kipya pwani hii. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilipokuwa na ofisi yake Shimoni, tayari Mombasa ilikuwa imeunganishwa na Zanzibar kwa waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari. Habari za biashara na utawala zilipita. Za wavuvi, hapana.

Intaneti ya biashara ilipoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, ilikuja kwa waya wa simu ya mezani. Ulichomoa simu ukutani, ukachomeka modemu mahali pake, kompyuta ikapiga namba, modemu ikapiga mluzi na kukoroma, na mtu aliyekutafuta kwa simu muda huo akakuta laini ina shughuli. Mawasiliano ya kwenda nje ya nchi yalirushwa hadi kwenye satelaiti, na gharama yake ilimfikia mteja. Modemu nzuri kabisa ya mwishoni mwa miaka hiyo ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti tano ingechukua dakika kumi na mbili, na hapo ni kama laini haijakatika. Kenya nzima ilikuwa na laini za mezani takriban 300,000. Hoteli za Diani zilikuwa nazo, ofisi za Ukunda pia. Nyumba za Wasini hazikuwamo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo kisiwa hakikupitia hatua ya waya hata kidogo. Modemu ya kwanza iliyomfaa mtu wa huku ilikuwa kile kidude cha USB, kirefu kama kidole, kilichoenea baada ya kampuni za simu kuanza kutoa huduma ya 3G. Ndani yake uliweka laini ya simu ya mkononi, ile ile ya kawaida. Ukikichomeka, kompyuta ilikiona kwanza kama diski yenye programu. Ukaiweka programu, ukasubiri, ndipo kikageuka kuwa modemu. Ukibonyeza kitufe cha kuunganisha, nyuma ya pazia kilipiga *99#, namba isiyopokelewa na binadamu. Taa ikipepesa bado kinatafuta, ikitulia, umeingia. Mwaka ule wa kwanza wa kebo, hicho kidude kilifanya kazi kubwa kuliko sherehe zote za Fort Jesus.

Shida ilikuwa ukuta. Nyumba za zamani za Wasini zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto, na mawimbi ya 3G hayapendi kuta za namna hiyo. Ndani hupati kitu. Dirishani mistari miwili. Dawa ilikuwa waya mrefu wa USB: kompyuta ndani kivulini, modemu imening'inizwa dirishani upande wa bara, iliko minara. Aliyekosa waya alibeba kompyuta mwenyewe hadi barazani. Na lazima iwe ya kupakata, maana kwa miaka mingi umeme wa huku ulikuwa wa jenereta au sola, na kompyuta ya mezani inakula umeme bila huruma.

Kebo yenyewe nayo ilikuwa na shida zake. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitupa nanga mahali pasiporuhusiwa na kuikata TEAMS, siku chache tu baada ya kebo nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ikazorota hadi nchi jirani. Nahodha wa Wasini angecheka: kutupa nanga bila kujua kilicho chini ni kosa la mtoto.

Tangu Julai 2023 Starlink inauza huduma ya intaneti ya satelaiti Kenya, na sahani yake haihitaji mnara wala waya wa bara. Inatazama juu tu. Kwa kisiwa, ni jambo kubwa, na nadhani ndiyo modemu ya kwanza isiyojali mkondo. Lakini kidude cha USB kiliishi kwa wati mbili na nusu kutoka kompyuta yenyewe, wakati sahani na kisanduku chake vinataka makumi ya wati muda wote vikiwa vimewashwa. Anayetegemea betri ya sola huwasha jioni, watoto wakifanya kazi za shule, kisha huzima.