Nanga ya Wahaya na Istilahi za Ushairi wa Kiswahili

Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake Oral Literature in Africa, alitia shaka kuwapo kwa utendi katika fasihi simulizi ya Afrika. Mojawapo ya majibu mazito lilitoka magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1983 M. M. Mulokozi alichapisha makala iliyouliza iwapo manju wa nanga wa Tanzania ni wasanii wa utendi, na mwaka 1986 akakamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya nanga za Wahaya.

Nanga, au enanga kwa Kihaya, ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti. Jina hilohilo hupewa utungo unaoghanwa kwa kuifuata ala.

Ugumu ulikuwa katika istilahi. Sheria za Kutunga Mashairi ya Kaluta Amri Abedi (1954) ziliweka vina na mizani kuwa ndiyo kipimo, na kwa kawaida ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane, kile cha mwisho kikibeba kina cha utungo mzima. Nanga haihesabiki hivyo. Mshororo wake hukatwa na pumzi ya manju na mapigo ya nyuzi, nao urudiaji na usambamba hufanya kazi ambayo pwani hufanywa na vina. Kwa kipimo cha Amri, basi, manju wa Bukoba na Muleba hakuwa mshairi.

Ndipo ikalazimu kutenganisha maneno mawili ambayo kwa asili ni moja, “utendi” likiwa tamko la Kiamu na “utenzi” la lahaja za kusini. Utenzi ukabaki jina la umbo. Utendi ukawa jina la masimulizi ya kishairi ya mashujaa. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao ni wasia wa mama kwa bintiye, ni utenzi usio utendi, licha ya jina lake! Rukiza ya Wahaya ni utendi usio utenzi.

Ebyebugo, yaani majigambo yaliyotolewa mbele ya mukama, yana mkasa kama huo. Mwenye kujigamba hasemi kuwa yu kama simba. Hujipa jina jipya, na sitiari ikawa cheo. Utawala wa jadi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, aliyekuwa akivipokea vyeo hivyo hakuwapo tena barazani.