Uchunguzi wa hataza ya njia ya kuingizia katriji

Uchunguzi wa hataza ni ukaguzi unaoamua kama uvumbuzi unastahili ulinzi wa sheria. Nchini Kenya hufanywa na Taasisi ya Mali ya Viwanda (KIPI), Nairobi, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001. Mwombaji anaweza pia kupitia shirika la kikanda la Afrika la mali bunifu (ARIPO), Harare. Kabla ya sheria ya 1989, Kenya ilisajili tu hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza.

Katriji ya printa huonekana kitu kidogo, lakini humtoa mchunguzi jasho. Reli za kuiongoza, kibanio cha kuishika na pini za umeme zimejaa katika hataza za zamani, kwa hiyo swali gumu si upya bali hatua ya uvumbuzi: je, fundi mjuzi angefikia mpangilio huo bila kuumiza kichwa? Hataza hudumu miaka 20.

Hataza ikishatolewa, kwa wauza wino wa mtaa wa Mountain View, Nairobi, na kwingineko, kifungu cha 58 cha Sheria ya 2001 ndicho chenye uzito: katriji halisi iliyouzwa na mwenye hataza, hata ng'ambo, haizuiliwi tena na hataza hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua vivyo hivyo katika kesi ya kampuni ya printa ya Lexmark, 2017.