Chanjo ya vidonda vya tumbo: panya wamekingika, sisi bado

Kila Ramadhani inapokaribia, wenye vidonda vya tumbo huniuliza: hakuna chanjo ya maradhi haya? Jawabu langu ni kuwa panya wa maabara wameshachanjwa. Sisi bado tunangoja.

Tuanze na chanzo. Vidonda vingi vya tumbo havitokani na pilipili wala mawazo. Husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumkuza maabarani mjini Perth, Australia, mwaka wa 1982. Mwaka wa 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyu pia huweza kuleta saratani ya tumbo.

Majaribio ya chanjo kwa panya yalishika kasi miaka ya 1990. Panya hupewa protini ya bakteria, mara nyingi ni yureasi, ambayo bakteria huitumia kujihami na asidi ya tumbo. Protini hiyo peke yake haiambukizi. Huufundisha mwili kumtambua adui. Baada ya wiki kadhaa, panya hutiwa bakteria hai, kisha tumbo lake huchunguzwa. Waliochanjwa hukutwa na bakteria wachache sana kuliko wenzao, lakini mara nyingi hawaishi kabisa.

Kuna kikwazo kingine. Ili chanjo ifanye kazi vizuri, panya wengi walichanganyiwa sumu ya kipindupindu kama kichocheo. Panya huistahimili; binadamu humharisha. Tena panya huambukizwa maabarani kwa siku iliyopangwa, ilhali wengi wetu huambukizwa utotoni, nyumbani kwetu.

Hata hivyo, matumaini yapo. Mwaka wa 2015 yalichapishwa matokeo kutoka Uchina: watoto zaidi ya 4,000 wa miaka 6 hadi 15 waligawanywa, nusu wakanywa chanjo mara tatu na nusu dawa bandia. Mwaka wa kwanza chanjo ilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 72, kisha kinga ikashuka.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usingojee chanjo. Nenda ukapimwe kinyesi au pumzi mapema kabla ya mfungo. Ukipatikana naye, utapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Zimalize zote. Maumivu yakitulia siku ya tano, bakteria bado yumo, na ukiacha njiani atakuwa sugu. Wala usiazime vidonge vya jirani.