Pavani: Ngoma ya tausi au ya Padova?

Baadhi ya maneno huvutia kwa utamu wa hadithi ya asili yake kuliko kwa uzito wa ushahidi. Pavani ni mojawapo. Hii ni dansi ya pole na ya madaha iliyochezwa katika makasri ya Ulaya karne ya 16. Wapo wanaoshikilia kwamba jina lilitokana na neno la Kihispania pavón, yaani tausi, eti kwa sababu wachezaji walijikweza na kuburura mavazi yao kama ndege huyo anavyoburura mkia. Hadithi tamu, lakini ina mashiko?

Tutazame maandishi. Mnamo 1508, mjini Venice, Petrucci alichapisha kitabu cha Joan Ambrosio Dalza cha muziki wa luti. (Luti yenyewe ni jamaa wa udi wetu wa taarab, majina yote mawili yana asili ya Kiarabu.) Ukurasa wa jina unazitaja ngoma hizi padoane, yaani za Padova, mji ulio karibu na Venice. Kwa hivyo mimi naegemea Padova. Tausi, nadhani, alidandia safarini, sauti za maneno zilipofanana.

Na ilichezwaje? Wawili wawili, kwa msafara. Hatua moja, hatua nyingine, kisha hatua pacha kwenda mbele. Halafu vivyo hivyo kurudi nyuma. Ngoma ililia pigo moja refu na mawili mafupi. Baadaye ilifuata galiadi, dansi ya kurukaruka yenye mapigo matatu.

Haya tunayajua hasa kwa sababu ya kasisi mzee wa Langres, Ufaransa, Jehan Tabourot. Mnamo 1589 alitoa kitabu Orchésographie kwa jina la Thoinot Arbeau, ambalo ni herufi za jina lake zilizopanguliwa. Kimeandikwa kama mazungumzo: mwanafunzi Capriol anauliza, mwalimu anajibu, kila hatua ikipewa jina na maelezo. Muziki ungeishi hata bila yeye. John Dowland alichapisha pavani saba za Lachrimae mwaka 1604, na Fauré na Ravel wakairudia pavani mwishoni mwa karne ya 19. Lakini noti hazisemi mguu upi utangulie.

Hapo ndipo penye funzo kwetu, wanaleksikografia. Mara nyingi kamusi zetu hufika kwenye ngoma kama vugo zikaandika "aina ya ngoma", basi, yamekwisha. Ni aina gani? Huchezwa na nani, lini, kwa ala zipi? Kila hatua huitwaje? Wanaojua majibu ni wazee, na wazee hawangoji toleo jipya la kamusi. Tuwaendee na kalamu sasa, tuulize kama Capriol. La sivyo, wajukuu wetu watabaki kubahatisha maana, na tausi atadandia tena.